Usiku Mama Alipolijaza Maji Friza Lake

Kaskazi ndiyo majira ya mama yangu. Ikifika Desemba, upepo ukishageuka, jua la Unguja huwaka tangu asubuhi, na watoto wa mtaani kwetu Ng'ambo wakitoka chuoni kusoma Kurani mchana hawataki kitu ila barafu. Mama alikuwa akiuza barafu za ubuyu na za ukwaju, na malai ya maziwa, kutoka friza jeupe lililokaa ukumbini karibu na mlango. Pesa ya kaskazi ndiyo iliyotuvusha masika, mvua inaponyesha kutwa na hakuna anayetaka kutia kitu cha baridi mdomoni.

Kaskazi ya 2009 kuingia 2010 haikuwa hivyo. Desemba umeme ulikatika kisiwa kizima. Unguja ilitegemea umeme wa bara, unaopita kwenye waya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na njia hiyo ikaharibika. Giza tulikwishalionja 2008, karibu mwezi mzima, lakini lile liliingia Mei, upepo wa kusi unavuma, mtu akajifunika shuka akalala. Hili lilitukuta kwenye joto. Ndani hakulaliki. Watu wakahamishia mikeka barazani, na wenye maduka wakawasha majenereta, mtaa ukanuka petroli na kuunguruma mpaka usiku mkubwa.

Joto tulilivumilia. Maji ndiyo yaliyotutesa. Pampu zilikuwa za umeme, basi mifereji ikakauka. Tukawa tunakwenda kwenye kisima cha msikiti kabla ya alfajiri na madumu kwenye mkokoteni wa kuazima, tunapanga foleni na mtaa mzima. Bibi alitawadha kwa kopo moja dogo, na bado kikabaki cha kumwagia mrehani wake.

Na kila asubuhi mama alilifuta friza lake kwa kitambaa kikavu, ndani na nje, akaliacha mlango wazi kidogo lisivunde. Hakuweka chochote humo. Shangazi alipoomba atie mchele na unga, panya wasiufikie, mama alikataa.

"Umeme ukirudi nataka unikute tayari, wifi."

Mimi nilikuwa nasoma sekondari, nilijua kila siku inayopita bila barafu ni daftari na sare na nauli inayopotea. Kumwona akilifuta lile friza tupu kulinichoma kuliko giza lenyewe.

Basi jioni moja ya Januari upepo ukakata. Majani ya mkungu wa jirani yakatulia tuli, moshi wa majiko ukasimama juu ya vichochoro. Bibi, ambaye baba yake alikuwa baharia wa majahazi, akaomba ageuziwe kiti atazame upande wa bara. Radi zilikuwa zinamulika mbali, bila sauti.

"Mlizamu wenu mmeutazama?" akauliza, yaani ule mfereji unaoteremsha maji ya mvua kutoka kwenye bati.

Hatukumjibu. Siku chache nyuma alisema vivyo hivyo na halikudondoka tone.

Saa saba za usiku ikaanguka. Haikuanza kwa manyunyu. Bati lilipiga kelele moja hadi jenereta la dukani halikusikika tena. Tulinyanyua mikeka tukakimbilia ndani, na hapo hapo sauti ya mwanamke ikapaa kutoka nyumba ya pili: "Maji jamani! Toeni vyombo!"

Milango yote ikafunguka. Bibi akapiga ukelele kutoka chumbani, "Subirini! Bati lina vumbi, liacheni lijioshe kwanza!" Tulingoja kidogo, si sana. Kisha ndoo, madumu, masufuria ya pilau, mabeseni ya kufulia, mitungi, hata birika la chai. Nyumba yetu ndiyo iliyokuwa na mlizamu mzima. Ya majirani wengi ilikuwa imeliwa na kutu. Foleni ikajipanga ukutani kwetu bila mtu kuambiwa. Mwalimu wetu wa chuo, ambaye sikuwahi kumwona bila kanzu na kofia, alisimama pale kwa kikoi na fulana, ndoo mbili mkononi, akimpisha mbele kila mwanamke aliyebeba mtoto. Watoto walijipaka sabuni wakaoga chini ya upenu. Shangazi alifua sare za shule saa nane za usiku, kwa mwanga wa kandili, akiimba. Mtaa ambao kwa wiki nyingi ulikuwa ukinung'unika ulikuwa unacheka, na mpaka leo sijaona furaha ya watu wengi kiasi kile kwa kitu kisicholipiwa.

Vyombo vikajaa. Mvua haikupungua. Maji yakawa yanashuka kichochoroni kwenda mtaroni, safi kabisa, na kuyaona yakipotea vile, baada ya mikokoteni yote ile, kulikuwa kunaumiza.

"Mama, vyombo vimekwisha," nikamwambia.

Alisimama ameishika ndoo, maji yanamchirizika kutoka kwenye kanga. Kisha akaingia ukumbini, akachomoa waya wa friza ukutani, akalifunua mlango.

"Leteni humu."

Hakuna aliyesogea. Shangazi akasema taratibu, "Wifi, una hakika?"

"Leteni. Maji yanapotea."

Ndoo ya kwanza aliimimina mwenyewe. Nilikuwa nimeshika kandili, nikauona uso wake, nikajua amekubali kwamba kaskazi ile imemponyoka na hataingoja tena. Nilitamani kumwambia neno, sikulipata. Nikaweka kandili chini nikaenda kukinga ndoo ya pili. Tulilijaza hadi juu.

Kabla ya alfajiri mvua ilikatika. Saa nne asubuhi jua lilikuwa kali vile vile, kaskazi imerudi, vichochoro vimekauka. Mgeni angetoka bandarini Malindi asingeamini kama ilinyesha. Lakini sisi tulikuwa na maji ya kutosha, na mama hakuyafanya ya kuoga tu. Siku ile ile alituma unga, nazi na hiliki, akakanda maandazi. Kazi ile asingeiweza bila maji karibu, na alfajiri iliyofuata nilikuwa kwenye baraza ya msikiti na beseni lililofunikwa kitambaa. Yalikwisha kabla jua halijapanda.

Umeme ulirudi Machi 2010, masika nayo ikaanza kunusa mlangoni. Mama alilimwaga friza, akalianika juani siku nzima, akalichomeka. Likawaka. Barafu aliuza kidogo tu mwaka ule, ila maandazi hakuyaacha, na pesa yake ya kwanza ya akiba hakuinunulia kitenge wala sahani. Alinunua tangi la plastiki, akamwita fundi aliunganishe na mlizamu.