Aliyebaki katikati ya konde

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili sikuamka na neno, niliamka na kinyongo. Ninacho tangu ile Jumapili ya shukrani. Wengi wenu mlikuwapo. Yakasomwa majina ya waliochangia jengo, wanakwaya, kamati ya chakula, hata fundi mitambo tuliyemkodi kwa siku ile moja. Mimi ninayefuta na kupanga viti kila Jumamosi, mwaka wa saba huu, sikutajwa. Nilipiga makofi na wenzangu huku masikio yamesimama, mpaka mchungaji akafunga kwa sala. Hakuna.

Basi Jumamosi iliyofuata sikwenda kanisani. Nikajiendea Temeke, kijiweni kwa wazee, kunywa kahawa.

Kule habari ni Shamba la Bibi. Siku hizi ni Uwanja wa Uhuru, na vijana wanaupita tu wakienda kwa Mkapa pale jirani, ule wa watu 60,000 uliofunguliwa 2007. Lakini kwa wazee wale uwanja ni ule wa zamani: karanga kwenye koni ya gazeti, jua la mzunguko, kubanana mpaka huwezi kuinua mkono kujifuta jasho. Ndipo bendera yetu ilipopandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Na ndipo Simba ilipofungwa 2-0 na Stella ya Abidjan mwaka 1993, fainali ya Kombe la CAF, wakati huko ugenini walikuwa wametoka 0-0. Mzee mmoja wa Msimbazi, yaani shabiki wa Simba, akifika hapo huweka kikombe chini. Mwenzake wa Jangwani, wa watani wao Yanga, humkumbusha makusudi. (Mungu atusamehe, utani huu hata wokovu haujauweza.)

Wakahamia 1979, Ndola, bao la Peter Tino lililoipeleka timu yetu ya taifa Lagos, kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 1980. Kila mmoja analo simulizi lake, hata wasiokuwa wamezaliwa. Ndipo mzee aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Na kule nyuma alisimama nani?" Watu wakatazamana. Mmoja akakumbuka mabeki wa kikosi cha Lagos 1980, akamtaja Leodegar Tenga. Kijana mmoja akashtuka: "Tenga yule aliyekuwa rais wa TFF, shirikisho letu la soka? Kumbe alicheza?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Bao likiingia mnamwimba mfungaji. Lisipoingia mnamwimba nani?"

Nikaona nimepata mtetezi. Nikarudi nyumbani nimejaa, nikafungua 2 Samweli 23, kwa Shama mwana wa Agee. Mnamjua? Ni mistari miwili tu, wa 11 na wa 12. Daudi aliimbiwa na wanawake kwa makumi elfu yake. Shama hatusomi kwamba aliimbiwa na mtu. Wafilisti wamekusanyika, watu wamekimbia, yeye kabaki katikati ya konde akilipigania. Na konde lenyewe la nini? Dengu, jamani! Si hekalu, si sanduku la agano. Dengu. Na Biblia inasema Bwana akafanya wokovu mkuu palepale.

Nilitaka niishie hapo. Tafakari ilikuwa imekwisha, na ilikuwa inanisifu mimi. Nilishapanga kuwaambia, "Shama wa usharika huu ni wale msiowataja." Kalamu nimeshika. Nikarudia mstari: *watu wakakimbia*. Nikajiuliza, Jumamosi ile mimi nilikuwa wapi? Kwenye kahawa. Kumbe katika habari hii mimi si Shama. Mimi ni mmoja wa wale watu, sema tu wao walikimbia jeshi, mimi nimekimbia kwa sababu ya orodha.

Tena kuna la kuniaibisha zaidi. Usiku ule mvua ilinyesha, na viti vilikuwa vimeachwa nje chini ya mwembe. Nilipofika Jumapili, tena nimechelewa kwa makusudi, nilimkuta bibi mmoja, mnamjua, anayetembelea mkongojo, akikausha kiti kwa ncha ya kanga yake. Kiti cha kwanza akampa mama mwenye mtoto. Akaanza cha pili. Aliponiona akaniita, "Mwanangu, ulikuwa unaumwa? Nimekuombea usiku."

Ndugu yangu unayesoma hapa nawe umenuna, umeacha kwaya, umeacha zamu ya usafi, umeacha kuwatembelea wagonjwa kwa kuwa hakuna aliyesema asante: rudi. Nakusihi kama mtu aliyetoka hukohuko kwenye kununa. Yule uliyemwacha hakuwa mwenyekiti wa kamati wala msoma orodha. Alikuwa bibi na mkongojo wake. Baba aonaye sirini aliona miaka yako yote, na kununa kwako ameona pia. Konde lako lipo palepale, na kama hujarudi, kuna mtu analipigania kwa kanga.

Nanyi wazee wa kanisa, nasema kwa heshima: shukrani zisifuate unene wa bahasha tu. Hilo tutaongea kwenye kikao.

Bibi nilimjibu kwamba nilikuwa na udhuru. Huo ulikuwa uongo, nautubu mbele yenu, na yeye nitamwambia mwenyewe. Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa pale. Matambara yapo. Atakayekuja aje na ndoo, ile ya kanisa imepasuka.