Majirani Watatu au Wanne

Nakuru, Jumapili jioni

Leo nimeshinda uani nikianika mkaa wa mifupa nilioutoa kwenye ndoo ya Mama ya kuchujia maji. Punje zake ni ndogo kama chenga za mchele, nyeusi inayoelekea kijivu, na kwa miezi minane zimekuwa zikinasa floraidi ya maji ya kisima. Mama alizitazama pale kwenye gazeti akaniuliza, "Sasa hiyo floraidi imejificha wapi humo, mwanangu?"

Swali hilo lina uzito nyumbani kwetu. Meno yake, kama yangu na ya wengi waliolelewa kwa maji ya visima vya Bonde la Ufa, yana madoa ya kahawia, na tangu utotoni nimemwona akijifunika mdomo kwa pindo la leso kila anapocheka. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita ya maji, na huku kwetu vipo visima vinavyokipita mara kadhaa. Kupima kiasi hicho si kazi kubwa. Kazi ni kujua floraidi iliyonaswa imeshikwa na nini, kwa sababu hilo ndilo linaloamua kama itatulia mle au itarudi majini.

Mfupa umejengwa kwa madini ya apataiti. Florini, elementi iliyomo kwenye floraidi, ikiingia ndani yake hushika nafasi ya haidroksidi, ikazungukwa na atomi tatu za kalsiamu. Lakini inaweza pia kuungana na kalsiamu kando na kufanya fluoriti, ambamo kila florini ina majirani wanne, na fluoriti huyeyuka kwa wepesi kuliko apataiti yenye florini.

Hapo ndipo spektroskopia ya eksirei, yaani kuchunguza kitu kwa jinsi kinavyofyonza eksirei, inaponivuta. Kila elementi huanza kufyonza eksirei kwa nguvu nishati inapofikia kiwango chake yenyewe: kalsiamu ni elektronivolti (kipimo cha nishati) 4,038, florini ni karibu 690. Elektroni inayong'olewa husafiri kama wimbi, hugonga atomi za jirani na kurudi, na mwangwi huo huacha mawimbi madogo kwenye mchoro wa ufyonzaji. Kwa kuwa njia hii huuliza habari za jirani wa karibu tu, haihitaji fuwele iliyopangika, na hata maji, ambayo molekuli zake hubadilishana majirani bila kukoma, huweza kuchunguzwa kwayo. Hata hivyo eksirei za florini ni dhaifu kiasi cha kumezwa na hewa, kwa hiyo kipimo hufanywa katika ombwe, na kimiminika hulazimika kufungiwa nyuma ya utando mwembamba mno wa nitraidi ya silikoni kisije kikavukizwa chote.

Kipimo hiki huhitaji sinkrotroni, mtambo mkubwa wa kuzalisha eksirei kali, na Afrika haina hata moja. Mwalimu wangu anaandaa ombi la kupewa muda SESAME, sinkrotroni iliyoko kule Jordani, iliyofunguliwa mwaka 2017, nami nimeandaa bahasha mbili za kaki. Moja ina mkaa wa ndoo yetu. Ya pili ina mifupa iliyochomwa kwa moto mkali penye hewa nyingi hadi ikawa myeupe, ambayo hunasa floraidi kwa shida. Nilipomweleza Mama tofauti yake alichukua kalamu, akaandika juu ya bahasha ya pili kwa mwandiko wake wa mshazari: "Iliyoungua." Kisha akataka kujua majibu yatakuja lini.