Mpira Ulioachia Kwenye Kona ya Kioo

Gari lilikuwa halijatimiza miaka 3 tangu nilichukue likiwa jipya, na waranti yake ilikuwa ya miaka 3 au kilomita 100,000, chochote kitakachotangulia. Kwa upande wa kilomita sikuwa na wasiwasi. Muda ndio uliokuwa unayoyoma, na ilikuwa imebaki miezi michache tu nilipoanza kusikia mluzi upande wa abiria.

Haukuwa mluzi wa kila wakati. Kwenye foleni, kimya. Nikishaingia barabara kuu na mshale ukavuka kilomita 80 kwa saa, sauti nyembamba inaanza kwenye kona ya juu ya kioo cha mbele, inapanda kadiri ninavyokanyaga mafuta, na upepo ukipiga kutoka ubavuni inageuka kuwa mtetemo kama wa karatasi iliyobanwa kati ya midomo. Nilizima redio. Nikafunga matundu ya hewa kwenye dashibodi, nikahakikisha madirisha yote yamepanda hadi mwisho. Mluzi uko palepale.

Niliposimama na kutazama kwa karibu ndipo nikaona. Ule mpira mweusi unaozunguka kioo na kuziba uwazi kati yake na bati la paa ulikuwa umeinuka kwenye kona. Nikapitisha ukucha chini yake, ukucha ukazama wote. Nikazunguka upande wa dereva. Huko mpira ulikuwa umepauka ukawa wa kijivu, mkavu, una nyufa ndogondogo kwa urefu wake, lakini umekaa mahali pake, haubanduki. Huu wa abiria bado ulikuwa mweusi na laini, unapinda vizuri ukiukunja, ila umeachia. Tofauti hiyo kati ya pande mbili ndiyo iliyonipa nguvu katika kila mazungumzo yaliyofuata.

Nikalipeleka gari kwenye karakana ya waliouza. Kijana wa mapokezi akatoka na fomu zake, akainama, akaugusa mpira kwa kidole kimoja.

“Huu ni uchakavu wa kawaida, dada. Mipira ya nje haimo kwenye waranti. Ni jua tu.”

Nikamwomba anionyeshe palipoandikwa hivyo. Akasema ndivyo wanavyofanya siku zote. Alikuwa na adabu, wala sina la kumlaumu kuhusu namna alivyonipokea, lakini desturi ya karakana si mkataba. Mkataba ulikuwa kwenye kijitabu nilichopewa pamoja na funguo, na usiku ule nilikisoma chote, hata zile kurasa za maandishi madogo ambazo watu wengi huziruka.

Orodha ya visivyolipiwa ilikuwa ndefu. Matairi, raba za waipa, pedi za breki, balbu, fyuzi, vichujio: vitu ambavyo kazi yake ni kulika au kuisha, na hilo ni haki kabisa. Kisha kulikuwa na aya ya jumla kuhusu uchakavu, kufifia kwa rangi, na madhara ya mazingira, yaani jua, mvua, chumvi, mawe ya barabarani. Mpira wa kioo haukutajwa popote kwa jina lake. Na juu kabisa, kabla ya hayo yote, kulikuwa na sentensi inayobeba waranti nzima: kampuni itarekebisha kasoro yoyote ya malighafi au ya utengenezaji.

Kwa hiyo swali halikuwa kama mpira umo au haumo kwenye waranti. Swali lilikuwa ni kitu gani kimeuharibu. Kama ni jua, ni juu yangu. Kama ni namna ulivyofungwa kiwandani, ni juu yao. Na jua haliwezi kuuinua mpira ulio laini upande mmoja likauacha uliokauka upande wa pili umeshika. Gari lile lilikuwa likiegeshwa upande wa dereva ukitazama jua la mchana. Kama jua ndilo lingekuwa limeng'oa, lingeng'oa huko.

Jirani yangu mmoja, mtu mwema anayependa kusaidia, aliniambia nisijisumbue: kichupa cha silikoni, dakika chache, kazi imekwisha. Nilikataa, na hadi leo namshauri hivyohivyo kila mwenye shida kama ile. Silikoni ikishapakwa pale huacha utando ambao gundi halisi ya kioo haitaki kushika juu yake, na fundi atakayekuja baadaye atahangaika kuusafisha. Zile zinazonuka siki zinapokauka hutoa asidi inayoweza kuchochea kutu kwenye bati lililokwanguka rangi. Lakini zaidi ya yote, gari lililokwisha kupakwa kitu na mkono mwingine humpa mtu wa waranti sababu nzuri ya kufunga faili. Niliacha kona kama ilivyo, nikaipiga picha asubuhi kwenye mwanga mzuri, mpira wa kulia na wa kushoto, kwa mbali na kwa karibu, huku rula ikionyesha pengo lilivyo.

Sikuwa naung'ang'ania mluzi tu. Kwenye magari mengi ya siku hizi kioo cha mbele hakishikiliwi na mpira kama ilivyokuwa kwenye yale ya zamani. Kinashikiliwa na utepe mnene wa gundi ya yurethani uliozunguka ukingo wote wa bati. Mpira wa nje unaziba tu uwazi, unazuia vumbi na majani, unasaidia maji kupita juu badala ya kujikusanya, na unaikinga gundi dhidi ya mwanga, kwa sababu miale ya jua huichosha yurethani. Ndiyo maana pembezoni mwa kioo kuna ule ukanda mweusi unaomalizikia kwa vidoti. Umechomwa kwenye kioo chenyewe ili kuifunika gundi. Na kioo hicho si pambo. Gari likipinduka, kinasaidia kulibeba paa. Kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria ukifumuka hupanda na kuegemea kioo kabla ya kumpokea mtu. Gundi ikiwa na kasoro kwenye kona ya abiria, anayekaa pale ndiye anayebeba hatari. Kiti kile kilikuwa cha mama yangu karibu kila safari.

Niliporudi karakana sikumtafuta kijana wa mapokezi. Niliomba kuonana na msimamizi, nikamwekea picha mezani na kijitabu kikiwa wazi. Sikupandisha sauti. Nilimwambia sidai mpira mpya. Nadai wapime kama maji yanaingia, na matokeo yaandikwe. Ombi kama hilo ni gumu kulikataa. Mtu anaweza kubishana nawe mchana kutwa kuhusu mpira, lakini akikataa kumwaga maji kwenye gari lililo chini ya waranti, atalazimika kueleza kwa nini.

Akamwita fundi wa vioo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Huyu alikuwa wa aina nyingine kabisa. Hakuanza na mpira. Alifungua boneti akatazama mifereji iliyo chini ya kioo, ile inayopokea maji ya mvua, akachomoa majani makavu yaliyoziba tundu la kutolea maji, akasema, “Hapa pakiziba, maji huingia ndani na watu hulaumu kioo bure. Tuondoe kwanza hiyo shaka, binti yangu.” Kisha akafungua kifuniko cha plastiki cha nguzo ya mbele upande wa abiria, akashusha kidogo kitambaa cha dari. Nyuma yake kulikuwa na mstari wa rangi ya chai, uliokauka, umeshuka na nguzo kuelekea chini ya dashibodi.

Mimi mwenyewe sikuwahi kuona tone. Kapeti lilikuwa kavu juu. Alipobonyeza sponji iliyo chini yake, ikatoa unyevu.

Jaribio la maji lilichukua muda, na alilifanya kwa uvumilivu ambao ningependa kila fundi awe nao. Kijana mmoja akakaa ndani na tochi. Mzee akashika bomba nje, maji ya kutiririka tu, si ya presha, akaanzia chini ya kioo akipanda taratibu, kila sehemu akisubiri kabla ya kuhama. Alinieleza kwamba ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Chini pakavu. Ubavuni pakavu. Alipofika kwenye ile kona ya juu, kwa muda hakuna kitu, kisha kijana akapiga kioo kwa ndani na kuonyesha kwa tochi. Tone lilikuwa limechomoza kwenye ukingo wa kitambaa, likavimba, likashuka kwenye nguzo kwa njia ileile ya mstari wa rangi ya chai.

Mzee akauinua mpira kwa kijiti cha plastiki ili asikwangue rangi, akaniita nisogee. Chini yake utepe wa gundi ulionekana vizuri, mweusi, mnene, umebanwa sawasawa kati ya kioo na bati. Ulipokaribia kona ukakonda, na pale penyewe palipotokea mluzi palikuwa na nafasi ambayo gundi haikugusa kioo. Ulimi wa mpira, unaotakiwa kuzama na kukaa imara, ulikuwa unaning'inia hewani. Upepo uliingia chini yake na kuuinua kila safari, na kila ulivyoinuka ndivyo ulivyozidi kulegea. Mpira haukuwa umechakaa. Ulikuwa umekosa cha kushikilia tangu siku ya kwanza.

Msimamizi alitazama kwa muda mrefu, akauliza kama kioo kimewahi kubadilishwa. Ni swali la haki. Kioo kikishatolewa na mtu mwingine, kasoro ya gundi haiwezi kuwa ya kiwanda. Fundi akamjibu kabla yangu kwamba alama ya kiwandani kwenye kona ya kioo inalingana na mwaka wa gari na gundi yote ni ya mara moja, haijakatwa. Wakapiga picha zao, wakazituma kwa kampuni pamoja na ripoti ya maji.

Idhini ilichukua siku kadhaa. Nilipoona karatasi ya kazi imeandikwa “kubadilisha mpira wa kioo”, nilikataa kuisaini. Niliomba iandikwe kilichoonekana: gundi haikushika kwenye kona ya juu, maji yanaingia, kioo kitolewe na kugandishwa upya. Msimamizi aliona ninavuta mambo. Lakini waranti ilikuwa inaelekea ukingoni, na kama maji yangerudi baada ya muda wake kuisha, karatasi yenye neno “mpira” ingenirudisha kwa kijana wa mapokezi. Akaandika.

Kioo kilipotolewa tulikuta kwenye bati alama ndogo ya kutu, ndiyo kwanza inaanza. Mzee aliisugua hadi chuma kikang'aa, akapaka praima, ile rangi ya msingi ya kulikinga bati, akasubiri ikauke ipasavyo. Hilo nalo likaingia kwenye karatasi. Baada ya kukirudisha kioo alikishikilia kwa tepu, akaniambia nisiondoke hadi aniruhusu, maana yurethani hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani na muda wake hutegemea aina ya gundi na hali ya hewa. Akaniambia pia niache dirisha moja limefunguka kidogo hadi kesho yake, kwa sababu ukibamiza mlango gari likiwa limefungwa kabisa, hewa ya ndani husukuma kioo kabla gundi haijakomaa, na nisipeleke gari kuoshwa kwa presha mapema.

Ulibaki mpira wa upande wa dereva, ule wa kijivu wenye nyufa. Huo kampuni ilikataa kuulipia, na hapo nilikubaliana nao bila ubishi: ulikuwa umekaa sawasawa, umeshika, umekaushwa na jua tu, kama kijitabu kilivyosema. Niliununua mwenyewe, na mzee alikuwa ameufunga kabla ya kukirudisha kioo, bila kunitoza kazi, kwa kuwa kioo kilikuwa tayari nje.