Kidole cha pili

Nimerudi sasa hivi kutoka kijijini, vumbi hadi masikioni. Tuko kwenye dodoso la lishe, nyumba kwa nyumba.

Nikamuuliza bibi mmoja, "Watoto hapa wanakula mboga na matunda?"

"Wanakula, mjukuu wangu."

Haraka hivyo! Nani angekataa mbele ya mgeni mwenye makaratasi?

Nikageuza swali. "Bibi, jana mlipoamka, mlianza na nini?"

Akahesabu kwa vidole. Asubuhi, uji wa chumvi. Mchana...

Kidole cha pili kikabaki hewani. Akakitazama, akakikunja taratibu.

Nikajifanya natafuta kalamu. Kalamu ninayo mkononi.

Wenzangu mnaohoji watu, hapo huwa mnaendelea na swali linalofuata, au mnafanyaje?