G ya Tudor

Leo Jumapili, na mgongo wangu hauumi. Kwa miaka mingi Jumapili yangu ilikuwa ya kulala kifudifudi mke wangu akinikanda kwa mafuta ya nazi, kwa sababu usiku wake nilikuwa nimebeba amplifaya na kasha la spika ya inchi 15 kutoka Likoni hadi Bamburi, na kurudi. Sisi wa Mombasa safari hiyo twaijua: mkokoteni hadi kivukoni, kungoja feri katikati ya baiskeli na magunia ya madafu, kushuka upande wa kisiwani, kumbembeleza mwenye tuktuk akubali kasha, kisha daraja la Nyali na foleni yake. Nilikuwa nikifika hotelini vidole vimekufa ganzi, na vidole hivyo ndivyo riziki yangu.

Siku hizi nina gita la besi mgongoni na begi moja mkononi. Ndani ya begi mna modela, kebo mbili, kitambaa cha kufutia nyuzi, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Naviomba kwa muuza viatu mmoja wa Mwembe Tayari, ambaye sasa huniwekea bila kuulizwa. Chumvi ya bahari hapa haichagui. Imenilia tundu la kebo kwenye gita mara mbili, na uzi mpya ukiachwa bila kufutwa baada ya kazi, wiki ya tatu una kutu.

Modela ni kompyuta yenye umbo la pedali. Sauti ya gita ikiingia hupimwa, kwa nyingi ya mashine hizi mara 48,000 kila sekunde, kisha hesabu hufanya yale ambayo valvu (zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya amplifaya za zamani), transfoma na spika zingefanya: kuibana noti iliyopigwa kwa nguvu, kuikwaruza kidogo, kuipunguzia makali. Wazo lenyewe si la jana. SansAmp ilitoka 1989 na ilifanya kazi hiyo kwa saketi za kawaida, bila kompyuta. POD ya Line 6 ikaja 1998, kile kisanduku chekundu kilichokatwa kama figo. Mwaka 2011 Kemper ya Ujerumani ikaleta mashine inayonakili amplifaya yako mwenyewe. Sasa wananakili kwa mitandao ya neva: amplifaya ya kweli huchezewa sauti za majaribio kwa dakika chache, programu ikalinganisha kilichoingia na kilichotoka, ikajisahihisha tena na tena mpaka tofauti iwe ndogo mno kwa sikio. Mojawapo, Neural Amp Modeler, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Kijana wa Kisauni mwenye laptopu ya mtumba anaweza kuanza nayo usiku huu huu, na hilo lanifurahisha kuliko mashine yoyote ya bei kubwa.

Sauti ninayoitumia zaidi ni ya kuiga Ampeg SVT, amplifaya iliyotoka 1969: wati 300 za valvu, kichwa chake peke yake, yaani sanduku la mitambo bila spika, karibu kilo 40, na kasha la spika nane za inchi 10 chini yake. Sijawahi kuigusa ya kweli. Hata ningeipata, sijui ni tuktuk gani ingeivusha Nyali. Lakini kila wikendi naipiga, na nikiubonyeza uzi wa E, ule mnene kuliko wote, kwa nguvu, ile noti inavyojikunja kidogo kabla ya kutulia hunifanya nipige kwa utulivu zaidi. Sauti nzuri humfundisha mtu mkono.

Wapo wenzangu wasiotaka kusikia habari hizi. Kwao, mpiga besi asiye na amplifaya nyuma yake ni kama nahodha asiye na chombo. Huwakumbusha kwamba Detroit, miaka ya 1960, besi ya James Jamerson kwenye studio ya Motown ilikuwa ikiingizwa moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine ya fundi ya kuchanganya sauti zote, na mpaka leo tunahangaika kuifikia sauti ile. Ila jambo moja nawakubalia bila ubishi. Amplifaya ilikuwa ikinisukuma upepo kwenye mashavu ya miguu. Nilijua niko wapi ndani ya wimbo kwa miguu kabla ya masikio. Upepo ule sina tena. Sauti yangu sasa inapita kwenye waya hadi kwa fundi mitambo, inatokea kwenye spika za ukumbi, na mimi napata kipande chake tu kwenye monita, ile spika ya jukwaani ya kujisikilizia. Kwa hiyo kupima sauti, kulikokuwa robo saa ya mwisho kabla ya chai, kumekuwa nusu ya kazi yangu.

Kosa lililonigharimu zaidi mwaka wa kwanza lilitokana na nyumba yangu. Nilikuwa nikizitengeneza sauti usiku, chumbani, kwa sauti ya chini ili watoto walale. Chumbani zilikuwa tamu, nene chini, zinang'aa juu. Hotelini zikawa uji. Sababu yake wanasayansi Fletcher na Munson waliipima tangu 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio letu halizisikii vizuri noti za chini, basi mtu huziongeza ili aridhike. Ukipandisha sauti ya ukumbi, sikio linazirudisha zenyewe, na zile ulizoongeza zipo pale pale. Siku hizi sauti nazitengeneza mchana, spika ikiwa juu kiasi cha jirani kuuliza, na za chini naziacha pungufu kuliko ninavyotamani.

Kosa la pili ni dogo lakini nimeliona kwa wengi. Modela huiga amplifaya na pia kasha la spika. Ukienda kwenye mikisa, sawa. Ukikuta hoteli ina amplifaya ya besi jukwaani ukachomeka hapo, lile kasha la kuigwa lizime, la sivyo sauti inapita ndani ya makasha mawili na kutoka kama mtu anayeongea chini ya blanketi.

Haya yote mwalimu wangu wa besi, Mungu amrehemu, hakuyajua, na bado sijaona mtu anayeupima ukumbi kama yeye. Alipiga katika hoteli za pwani tangu mimi sijaanza shule. Akifika mahali, hagusi vishikizo vya amplifaya. Ananipa gita mimi, kijana wa kumbebea, ananiambia, "Ipige E. Usinikimbilie." Naipiga, moja, polepole, nangoja ife, naipiga tena. Yeye anatembea. Anasimama mlangoni kwa wapishi. Anasimama ukutani. Anakaa kwenye viti vya wazee, anatulia kama mgeni aliyealikwa. Siku moja, ukumbi mmoja Majengo, aliinuka kwenye viti hivyo akaja hadi jukwaani, akanitazama kama mimi ndiye niliyefanya. "Pale kwa wazee haipo," akasema. "Umewanyima." Tukahamisha amplifaya hatua tatu, tukaanza upya.

Namba nilizipata baadaye. E ya wazi kwenye besi ni hezi 41 na kidogo, yaani mitetemo 41 na kidogo kila sekunde. Katika joto letu la pwani sauti hukimbia karibu mita 349 kwa sekunde, hivyo wimbi moja la E lina urefu wa mita nane na nusu hivi. Wimbi la ukubwa huo likikwama kati ya kuta mbili, linajijenga mahali fulani na kujifuta mahali pengine, na mtu akisogea hatua mbili anasikia wimbo mwingine. Kila ukumbi una noti yake. Mimi naziandika kwenye daftari. Bamburi, banda la makuti: chini safi kwa sababu sauti nene inapenya na kwenda zake, lakini makuti yanameza za juu, ongeza kidogo karibu na hezi 800. Mtwapa, ukumbi wa vigae: B inalia hata ukiigusa kwa kucha.

Jana ilikuwa Tudor, harusi, ukumbi wa kuta za saruji na paa la mabati. Tulifika saa tisa na nusu. Ilipoadhiniwa alasiri tulinyamaza, maikrofoni zote chini, kisha tukawa na muda hadi magharibi. Fundi mitambo ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mwepesi wa mikono, mwenye heshima. Niliweka sauti zangu zote kwenye kimo kimoja kwanza, maana hakuna linalomuudhi fundi kama mpiga besi anayebadilisha sauti katikati ya wimbo na kuruka juu ghafla. Nikapiga kwa nguvu nitakayoipiga usiku wakati chakacha imekolea. Wengi hupima kwa upole, wakicheza madoido ambayo hayamo kwenye wimbo wowote, kisha usiku wanapiga mara mbili yake na mitambo inazidiwa.

Nilipofika kwenye G, freti ya tatu ya uzi wa E, meza za katikati zilitetemeka na bati moja likaanza kupiga kelele.

"Ami, besi yajaa," kijana akaniambia. "Nikukatie chini?"

"Wapi hasa?"

"Chini kote."

"Ukikata chini kote nabaki na nini, mwanangu? Nipe dakika kumi nitembee."

Modela yangu ina lupa, sehemu inayorekodi kipande na kukirudia bila kukoma. Nimeiweka mwanzoni kabisa mwa mnyororo, kabla ya amplifaya ya kuigwa, ili noti ikiwa inajirudia niweze kubadilisha chochote kinachofuata na kusikia tofauti hapo hapo. Nikairekodi G, nikaiachia, nikateremka jukwaani. Mwalimu alinihitaji mimi ili atembee. Mimi nina lupa. Nilipokuwa natembea nililiwaza hilo, na halikunipendeza sana.

Katikati ya ukumbi G ilikuwa nzito hadi kifuani. Ukutani, hivyo hivyo. Lakini kando, kama mita mbili kasoro kutoka ukutani, pale vilipopangwa viti vya migongo mirefu vya wazee wa pande zote mbili, noti ilikuwa imetoweka. Yasikika tu ile sauti nyembamba ya kidole kwenye uzi. Nilikaa kwenye kiti kimoja. Nikainama mbele, ikarudi kidogo. Nikaegemea, ikaondoka. Nikapima upana wa ukumbi kwa miguu: hatua tisa, mita saba na ushei. G ya pale chini ni hezi 49, wimbi lake ni mita saba na ushei. Limeenea ukuta hadi ukuta kama kanga iliyokatwa kwa kipimo cha mtu.

Sabufa mbili, spika za sauti nene za chini, zilikuwa pembeni kabisa, kila moja kwenye kona yake, na kona ndiyo inayoliamsha wimbi hilo kwa nguvu zote. Kukata kwenye ikwalaiza, ile sehemu ya kupandisha na kushusha sauti za chini na za juu, kungepunguza mtetemo wa katikati na kuwanyima wazee hata kile kidogo. Nikamwomba kijana tuzisogeze ndani, kila moja hadi kwenye mstari ule ule wa viti ambako noti inajifuta. Spika ikikaa mahali wimbi linapojifuta, hailiamshi. Alisita, kwa sababu waya zilikuwa zimeshafungwa kwa utepe wa gundi na magharibi ilikuwa inakaribia. Kisha akavua viatu, akashika upande mmoja, nami upande wa pili.

Sasa nilizima lupa. Nikamvalisha gita.

"Mimi si mpigaji, ami."

"Kidole hapa. Ipige G. Usinikimbilie."

Akaipiga. Nikakaa kwa wazee. Ilikuwepo, haikuwa kubwa, lakini ilikuwepo, ya mviringo, na katikati meza zilikuwa zimetulia. Bado ilizidi kidogo, nikapunguza desibeli tatu kwenye hezi 49, mkato mwembamba, kwenye ikwalaiza ya mashine nzima, isibadilike nikibadilisha sauti. Bati tulilibana kwa kipande cha mti. Kijana alikuwa bado anaipiga ile noti, kichwa amekiinamisha juu ya mbao, anasikiliza kwa mifupa. Nikamwambia yatosha. Akaniomba abadilishane nami. Akatembea peke yake, ukutani, mlangoni, akakaa kwenye kiti cha mwisho kabisa karibu na feni. Hakusema kitu kwa muda. "Ipige tena," akasema.

Adhana ya magharibi ilitukuta hapo.

Usiku ulikwenda vizuri. Sina mengi ya kuandika juu yake. Nilivuka na feri ya saa nane, begi mapajani. Kwenye daftari nimeandika: Tudor, G, hatua tisa, sabufa zisikae kona. Nyuzi zimechoka. Leo jioni nitazichemsha kwenye ile sufuria ya zamani, nizikaushe vizuri karibu na jiko zisije zikaota kutu, na kama hazikurudi, itabidi ninunue mpya kabla ya Ijumaa.