Jinsi nilivyopunguza konokono kwenye tangi la samaki

Nafuga samaki wa urembo hapa Kisauni, tangi la lita 60, sasa nikaleta majani ya maji kwa rafiki yangu na hapo ndo konokono waliingia. Miezi miwili tu, usiku nikimulika tochi kioo kimejaa, wembamba, warefu, gamba limejipinda hadi ncha, kahawia na vidoa vyekundu, na mchana huwaoni manake wanajizika mchangani. Hawa ni Melanoides tuberculata, jike hahitaji dume na anazaa vitoto hai vishakuwa na gamba, kwa hivyo kuokota mmoja mmoja haisaidii kitu. Tena natumia maji ya kisima, na visima vyetu huku vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, chokaa tele, gamba linakuwa gumu kwelikweli.

Niliambiwa nitie dawa ya shaba nikakataa, shaba inaweza kudhuru samaki pia na konokono wakifia mchangani wanaozesha maji.

Shida ilikuwa chakula. Nilikuwa nalisha mara tatu, kinachobaki kinazama ndo wanachokula wao. Nikashusha mara moja, kidogo, kiishe dakika mbili. Alafu usiku nazamisha jani la sukuma wiki lililochemshwa, nimelifunga kijiwe, alfajiri kabla ya mwangaza nalitoa polepole likiwa limejaa. Siku ya kwanza nilihesabu 43. Baada ya wiki tano natoa watatu, wanne. Hao waliobaki nimewaacha, wanachimbuachimbua mchanga usigande.