Uvumilivu Usio na Kumbukumbu

Mtu akilalamika kwamba ananyanyaswa kazini, ushauri wa kwanza anaoupata hapa Dar es Salaam ni kuvumilia. Ataambiwa hivyo na mama yake, na mwenzi wake, na mara nyingi hata na yule anayeketi naye meza moja na kuyaona yote kwa macho yake. Siudharau ushauri huo, kwa sababu mwenye nyumba wa Kimara au Tabata anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ada za watoto hazisubiri, na nafasi moja ya kazi ikitangazwa maombi humiminika. Ninachokipinga ni uvumilivu mtupu, ule wa kumeza na kunyamaza bila kuacha alama yoyote, kwa maana mwisho wake mkorofi anakuwa na jalada lililojaa barua za onyo dhidi ya mwenzake, na aliyenyanyaswa hana hata karatasi moja.

Ugumu wa kwanza ni kulitambua jambo lenyewe, kwa kuwa sisi ni watu wa utani. Mpare na Mchaga wakikutana ofisini watachokozana kutwa nzima, na siku inayofuata mechi ya Simba na Yanga hakuna anayesalimika. Utani huo una taratibu ambazo hazijaandikwa popote lakini kila mtu anazijua: unakwenda na kurudi, na anayetaniwa leo atatania kesho. Kipimo changu, basi, ni kuuliza kama aliyetupiwa neno anaweza kulirudisha. Mkuu wa kitengo anayemwambia karani mbele ya wenzake, "Wewe chuoni walikupa cheti kwa huruma," hatanii, maana karani akithubutu kumjibu kwa maneno hayo hayo, kesho yake atapewa barua ya kujieleza. Vivyo hivyo mhudumu wa ofisi, mama wa umri wa kuamkiwa, anapoitwa kwa mluzi na kijana aliyeajiriwa juzi, hapo hakuna utani wala haraka ya kazi.

Maneno makali angalau husikika, na mashahidi huwapo. Ukorofi unaonikera zaidi ni ule unaopitishwa kimya kimya ndani ya kazi yenyewe. Katika ofisi moja ya uwakala wa forodha nilikowahi kufanya kazi, mwenzetu mmoja alikuwa na kawaida ya kuzikalia nyaraka za dada aliyeshughulikia uondoshaji wa mizigo. Hati ya shehena ilifika asubuhi, naye akaiweka chini ya mafaili yake hadi jioni, ndipo akaitoa wakati ambapo malipo ya siku hiyo hayawezekani tena. Kontena likalala bandarini, siku zisizo na tozo zikaisha, gharama za kuhifadhi zikaanza kuhesabiwa, na mteja wa Kariakoo akapiga simu akifoka. Kwenye kikao cha Jumatatu, yule yule aliyezikalia nyaraka ndiye aliyeuliza kwa sauti ya upole, "Jamani, mbona mizigo ya dada yetu tu ndiyo huwa inachelewa?" Watu wakacheka, na meneja akaandika kitu kwenye shajara yake.

Dada yule hakugombana naye. Alianzisha daftari la makabidhiano, kila hati ikiwa na tarehe, saa na sahihi ya aliyeipokea, kisha akamwita pembeni na kumwambia, "Kaka, hati ya juzi uliipokea saa tatu asubuhi, mimi nimeipata saa kumi jioni. Naomba kuanzia leo ikifika unijulishe pale pale." Nayapenda maneno hayo kwa sababu hayakumtuhumu kwa chuki wala wivu, vitu ambavyo angevikana kwa urahisi, yalitaja hati, saa na ombi. Kumwambia mtu faraghani kunamwachia nafasi ya kujirekebisha bila kuaibika, na wakorofi wa mazoea, ambao naamini ndio wengi, huishia hapo. Huyu hakuishia. Jioni hiyo hiyo dada alimtumia baruapepe fupi ya heshima yenye muhtasari wa mazungumzo yao, na baada ya wiki chache alipeleka malalamiko kwa maandishi, daftari likiwa limeambatishwa. Kilichomgusa meneja, nadhani, ni jumla ya gharama za bandari kuliko machozi ya mtu yeyote, lakini mapokezi ya nyaraka yalihamishiwa masijala na uchelewaji ule ukakoma. Yule bwana hakupewa hata onyo.

Maandishi hayo yana kazi nyingine ambayo wengi wetu huijua tukiwa tumekwisha kuchelewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautambua unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi pale unapotokana na mambo kama kabila, jinsia, dini, ujauzito, ulemavu, umri au hali ya VVU. Matusi ya jumla yasiyofungamana na misingi ya namna hiyo hayaingii hapo kirahisi. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inakubali kwamba mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa. Ila Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinataka ionekane kwamba alitumia kwanza njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa awe na sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Aliyevumilia miaka mitatu kimya kisha akaondoka kwa hasira atapata shida kulitimiza sharti hilo. Tena siku zinahesabiwa: mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60, na anayechelewa hulazimika kwanza kuomba kusamehewa ucheleweshaji.

Mkorofi mwenye cheo mara nyingi hujibu malalamiko kwa kumfungulia mlalamikaji mashtaka ya nidhamu. Likitokea hilo, usiende kwenye kikao siku ile ile uliyopewa barua. Kanuni za Utendaji Bora zinakupa muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na unaweza kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako, kwa hiyo kama kazini kwenu kuna tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, ijue sura ya mwakilishi wake kabla hujamhitaji. Kuhusu kundi la WhatsApp la ofisi, ambako siku hizi watu hudhalilishwa usiku wakiwa wameshalala, neno langu ni fupi: piga picha ya kioo cha simu kabla ujumbe haujafutwa, na usijibu humo.

Ofisi ndogo ndiyo inayonipa taabu kuishauri. Katika duka la jumla la Kariakoo lenye wafanyakazi watano, au kampuni ya familia huko Mikocheni, anayetukana ni mwenye mali mwenyewe, afisa rasilimali watu ni shemeji yake, na barua ya malalamiko inamfikia mlalamikiwa moja kwa moja. Kwa aliye katika hali hiyo ningemwambia aandike hata hivyo, kwa lugha ya adabu, abaki na nakala yenye tarehe nyumbani kwake, na aanze kutafuta kazi nyingine angali anapokea mshahara. Na siku akilazimika kuondoka, asikubali kuandikiwa na mtu mwingine barua ya kuacha kazi inayosema anaondoka "kwa sababu binafsi," ilhali sababu anaijua yeye na ofisi nzima, kwa kuwa hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ambayo mwajiri ataiweka mezani mbele ya Tume.